Mwani si mmoja: niliyojifunza kwa hasara

Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa Njombe, nimekulia kwenye baridi na viazi, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19. Leo naishi Dar es Salaam, mume wangu ni mtu wa Jambiani, kusini mwa Unguja, na jikoni kwangu mwani, yale majani ya baharini, haukosekani. Tangu siku niliyouonja mara ya kwanza imepita miaka mitano. Mengi niliyojifunza ndani ya miaka hiyo niliyalipia: kwa pesa, kwa chakula kilichomwagwa, na mara moja kwa afya ya mama yangu mzazi. Hilo la mama ndilo lililonikalisha chini niandike.

Nilipoolewa, mavyaa wangu alikuwa ameshalima mwani kwa miaka zaidi ya thelathini. Ni katika wanawake wa mwanzo pale kijijini, mbegu ya Ufilipino ilipopandwa Paje na Jambiani mwaka 1989. Kwa kina mama wale mwani ulikuwa fedha. Unavunwa, unakaushwa, unatiwa kwenye mapolo, unanunuliwa na kampuni, kisha unasafirishwa ng'ambo kutengenezwa karajini, ule ute unaotiwa kwenye aisikrimu na dawa ya meno ili vishikane. Nilipomuuliza kama wao wenyewe wanaula, alinijibu, "Mwanangu, huu tunauza. Mambo ya kuula wameyaanza hawa watoto wa juzi."

Watoto wa juzi ni wifi yangu na wenzake wa kikundi, wanaotengeneza sabuni, juisi na kachumbari ya mwani. Kwa wifi nilionja glasi ya juisi ya embe iliyotiwa ute wa mwani, nzito, baridi, haina harufu yoyote ya bahari. Niliipenda palepale. Kosa langu la kwanza nililifanya kabla ya jua kuzama: badala ya kumuuliza wifi ule mwani aliutoa wapi, nilikwenda kwa jirani mwenye rundo la mwani mkavu wa kuuza, nikanunua kilo tano.

Nyumbani Dar niliuosha mara moja, nikauchemsha, nikauchuja. Nyumba nzima ilinuka kama ngalawa iliyovutwa juu na samaki wake ndani. Watoto wawili walikunywa kwa kuwa niliwabembeleza, na usiku wote wawili wakatapika. Kesho yake, kwa mwanga wa mchana, niliumwaga uliobaki kwenye sinia na kuuchambua. Nilikuta mchanga, vipande vya kamba za plastiki, makome madogo, manyoya ya kuku, na vitu vya duara vyeusi ambavyo mtu yeyote aliyefuga mbuzi anavijua. Jirani hakunidanganya. Mwani ule ulianikwa chini kwenye majani ya mnazi kwa ajili ya kiwanda, na kiwandani unaoshwa na kuchujwa kwa njia zao. Haukukusudiwa mdomo wa mtoto.

Niliona haya, lakini nilimpigia wifi nikamweleza yote. Akasema, "Wifi, njoo bamvua lijalo. Mwani wa kula unachaguliwa baharini, si kwenye polo."

Nikaenda. Bamvua ni siku ambazo bahari hukupwa kuliko kawaida, na maji yalikuwa yametoka hadi mbali, tukatembea karibu nusu saa kwenye matope na vidimbwi mpaka shambani kwake. Shamba la mwani ni safu za vigingi vilivyopigiliwa chini, kamba zimefungwa kutoka kigingi kimoja hadi kingine, na kila kamba imeninginiza matawi ya mwani kila baada ya shubiri. Wifi akainua kamba moja, akakata tawi, akalikunja mbele ya uso wangu. Likakatika kwa mlio kama tango bichi. "Huu mzima," akasema. Akachukua jingine, akalikunja, likapinda bila kukatika, na alipolibana kwa kucha likatoa ute. Hilo akaliacha. La tatu lilikuwa na ncha nyeupe kama kidole kilichokaa sana majini. Huo ndio ugonjwa unaowasumbua wakulima kila maji ya bahari yanapopata joto kupita kiasi au mvua kubwa inapopunguza chumvi: mwani unakuwa mweupe, unalainika, unakatika na kuchukuliwa na maji. Ncha nyeupe haziliwi. Unakata chini kabisa ya sehemu iliyopauka, au unaliacha tawi zima.

Kisha akanionyesha kitu ambacho peke yangu nisingekitilia maanani: nyuzi laini za rangi ya kahawia iliyoiva, kama nywele, zimejisokota kwenye matawi. Akakunja mkono wa kanzu na kunionyesha vipele kwenye kigasha. Nywele hizo ni viumbe vingine kabisa, si mwani wa kupandwa, na huleta muwasho wa ngozi na macho. Tawi lililovaa nywele haliingii kwenye kapu la chakula hata kama lenyewe ni zima.

Siku ile nilijifunza pia kwamba ule ninaouita mwani ni aina mbili. Unaolimwa zaidi ni spinosumu, wenye vimiiba vifupi mwilini. Mwingine ni kotonii, mnene na laini, wenye bei nzuri zaidi, lakini kwenye maji ya kina kifupi ya Unguja umekuwa ukifa miaka hii ya joto, na ninaoupata mimi hutoka Pemba. Tofauti hii si ya wakulima peke yao. Ukifika jikoni ndipo inapokuuma.

Nitasema kwa ufupi kuhusu kuokota. Nilipoanza kujiona najua, nilikuwa nikitembea ufukweni Dar na kutamani majani yaliyotupwa na mawimbi. Usiokote. Mwani uliotupwa pwani umeshaanza kuoza, na mwani hunyonya kilichomo majini, ikiwemo metali nzito na uchafu wa mito na mabomba ya mji. Hata mwani wa porini unaoliwa siku zote unaweza kugeuka: kisiwani Guam mwaka 1991 watu 13 waliugua na watatu wakafa baada ya kula mwani mwekundu waliokuwa wakiuchuma na kuula kwa kawaida. Mimi sasa nakula wa shambani tu, kutoka kwa mtu ninayemjua, kwenye maji yaliyo mbali na mahoteli na bandari.

Ukishachagua, suuza kwa maji ya bahari palepale. Maji ya bomba yasiuguse mpaka siku ya kuupika au saa ya kuuanika, kwa sababu mwani mbichi ukikaa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi unavimba, unapauka na kuanza kutoa ute ndani ya saa chache. Niliupoteza mzigo mmoja hivyo. Nilifika Dar kwa boti, nikauloweka kwenye ndoo ya maji safi nikidhani nautunza, na asubuhi nikakuta uji. Sasa nauviringisha kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya bahari, nauweka kwenye rafu ya chini ya friji, nautumia ndani ya siku mbili.

Kuanika, wifi anatumia chanja. Kilo saba au nane mbichi zinarudi kuwa kilo moja kavu, kwa hiyo usishangae bei ya mwani wa kula ulioanikwa vizuri. Mimi nalipa mara tatu ya bei ya mwani wa polo na sioni kuwa nimeibiwa. Jua kali la siku mbili hadi tatu linatosha, lakini lazima kila alasiri uufunike kabla umande haujashuka, na wingu likitanda ukimbie. Mwani ulionyeshewa ukiwa umekauka nusu hupauka na nguvu ya kugandisha hupungua. Unajua umekauka pale tawi linapokuwa gumu kama waya. Likiwa bado linanesa kama mpira, rudisha juani. Wa kuuza huachwa na unyevu zaidi kidogo kwa sababu chumvi yake inaulinda na hautakaa sana. Wa kuweka kabatini unataka ukavu zaidi.

Sasa jikoni. Nachukua gramu 50 za spinosumu kavu. Nachambua tawi kwa tawi kwenye sinia jeupe, nakuta angalau kikome kimoja kila mara. Naosha maji matatu, nikisugua kama mtu anayefua soksi. Naloweka usiku kucha kwenye maji mengi yenye ndimu moja iliyokamuliwa, na asubuhi namwaga maji yale yote, maana ndiyo yanayobeba chumvi na harufu. Mwani unakuwa umevimba mara kadhaa, umekuwa mweupe wa kung'aa, laini lakini haujateleza. Nasuuza tena, ili ndimu isibaki. Naubandika kwenye vikombe vinne vya maji, moto mdogo, dakika 25 hivi, nikikoroga mpaka uyeyuke. Nachuja ukiwa moto. Ukisubiri upoe, kitambaa chako kimekwisha.

Suala la ndimu lilinigharimu siku mbili za Ramadhani. Nilitaka kuwatengenezea wakwe zangu faluda. Watu wa pwani wanaigandisha kwa chaina-grasi, na wengi hawajui kwamba chaina-grasi yenyewe ni mwani, wa aina nyingine. Nikasema nami nitagandisha kwa mwani wa nyumbani. Nikachemsha pamoja na maji ya ndimu na pasheni ili iwe na ladha. Haikuganda. Nikachemsha tena, kwa muda mrefu zaidi, ikazidi kuwa maji. Siku ya pili nikarudia kosa lile lile kwa ukaidi, adhana ya magharibi ikalia na wageni wangu mezani hawana kitu kitamu cha kufuturu nacho zaidi ya tende. Wifi ndiye aliyeniambia: kitu kichachu kikichemka pamoja na mwani kinaukata ule ute. Matunda na ndimu hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa na kupoa kidogo.

Na hapo ndipo aina zinapotengana. Spinosumu hutoa ute mlaini, wa kutetemeka, unaofaa juisi, uji wa mtoto mkubwa, na kuongezea mchuzi uzito. Kotonii huganda ngumu, unaikata kwa kisu ikasimama. Ukitaka faluda ya kukatwa vipande, tumia kotonii na maziwa, iliki na sukari. Ukitaka juisi, tumia spinosumu. Nilikuwa nikilazimisha mmoja ufanye kazi ya mwingine na kulaumu mikono yangu. Kwa familia zinazokwepa jelatini kwa sababu haijulikani imetoka kwa mnyama gani, huu mwani ni neema kubwa.

Kachumbari ni rahisi kuliko vyote na ndiyo ninayoipenda. Matawi machanga mabichi, yaliyosuuzwa, unayatosa kwenye maji yanayochemka na kuhesabu moja mpaka kumi na tano. Mwani wa kahawia unageuka kijani mbele ya macho yako, na hata leo bado nasimama kuutazama. Toa haraka, tia kwenye maji ya barafu, chuja, changanya na kitunguu, nyanya, pilipili na ndimu. Ukichelewa dakika moja unaanza kuteleza na watoto hawataugusa.

Kuhifadhi kulinishinda kwa muda mrefu kuliko kupika. Dar ina unyevu, na chumvi iliyomo kwenye mwani inauvuta unyevu huo. Masika ya mwaka wa pili nilikuwa na kilo sita kwenye mfuko wa sandarusi chini ya kabati, nimeulipia shilingi 90,000 pamoja na nauli ya mzigo. Nilipoufungua mwezi wa tano ulikuwa umerudi kuwa mlaini, na juu yake kuna weupe. Nikajiambia ni chumvi. Chumvi ya mwani ni kweli hutoka nje ikawa unga mweupe wenye punje zinazometameta, ukiugusa kwa kidole kilicholowa unayeyuka. Ule wangu haukuyeyuka. Ulikuwa na manyoya, sehemu zina kijani, na harufu ya ukuta wa chumba kilichofungwa. Niliuosha robo yake, nikaupika, nikauonja, nikaumwaga. Kilo zote sita zikaenda jalalani, na mume wangu sikumwambia kiasi nilichopoteza mpaka baada ya miezi. Ukungu hauoshwi. Ukiuona kwenye tawi moja, mfuko mzima umeshaguswa.

Sasa mwani wangu unakaa kwenye mitungi ya kioo yenye kifuniko cha kubana, midogo midogo, ili kila ninapofungua nisiupe hewa mzigo wote. Kabatini, kwenye giza, mbali na jiko. Kabla ya masika nautoa wote juani saa tano hadi saa tisa, naupoza kivulini, narudisha. Hivyo unafika mwaka. Ute uliopikwa nauweka kwenye friji na hauvuki wiki moja. Ukianza kuwa majimaji na kunuka uchachu, mwaga. Wa kufriza, friza ute wa spinosumu tu. Wa kotonii ukiyeyuka kutoka kwenye barafu unatokwa na maji na kubaki mapande kama sifongo. Ninafrizia kwenye vitrei vya barafu, kipande kimoja kwa glasi moja. Umeme wa luku uliwahi kuisha nikiwa safarini siku tatu. Nilichokikuta kwenye friza nilikifunga kwenye mifuko miwili na kukitoa nje nikiwa nimeziba pua.

Hayo yote ni pesa na chakula. La mama ni jambo jingine.

Mama yangu ana rovu tangu ujana. Nyanda za juu kusini zilikuwa na rovu nyingi kwa sababu ardhi na maji ya kule yana upungufu wa madini joto (iodini), na yeye anakumbuka walivyogawiwa vidonge vya mafuta yenye madini hayo, kabla chumvi ya dukani haijaanza kutiwa. Mimi nilikuwa nimejaa hamasa. Mtandaoni kila mtu anasema mwani unatibu kila kitu. Nikajiambia: mama anakosa madini joto, mwani una madini joto, basi. Na kwa kuwa siku hizo mitungi yangu ilikuwa mitupu baada ya ule ukungu, nikaingia duka la vyakula vya Asia hapa mjini, nikanunua kombu, mwani mpana wa kahawia kutoka nje. Nikausaga, nikamtumia Njombe unga kwenye chupa, kijiko cha chai kila asubuhi kwenye uji. Kwangu mimi mwani ulikuwa mwani.

Baada ya wiki kadhaa dada yangu akapiga simu kwamba mama halali, mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, na gauni la kanisani limempwaya. Nilisafiri usiku ule ule. Daktari alipima homoni za tezi ya shingoni, akamuuliza anakula nini kipya. Mimi ndiye niliyejibu. Nakumbuka nilikuwa nimeishika ile chupa mkononi, imebaki robo.

Alinieleza kwa upole, na namshukuru kwa upole ule. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Kombu, gramu moja tu, inaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 2,000, na kijiko cha chai cha unga ni zaidi ya gramu moja. Tena rovu ya miaka mingi yenye vinundu, ikimwagiwa madini joto mengi ghafla, inaweza kuanza kutoa homoni kupita kiasi. Mama alikuwa ameshapata chumvi yenye madini joto kwa miaka. Hakuwa na upungufu wowote niliokuwa nikiuziba. Alinywa dawa miezi minne, na moyo wake ukatulia. Hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kumpa mtu mwani jueni ni upi. Huu wetu wa kulimwa, ulio katika kundi la mwani mwekundu hata ukionekana wa kahawia, una madini joto kidogo kuliko yale majani makubwa ya kahawia ya bahari za baridi, lakini kidogo si sifuri. Mwenye ugonjwa wa tezi, mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo waanze kwa daktari. Mwenye ugonjwa wa figo pia, kwa sababu mwani una potasiamu nyingi. Na ukiwa dukani ukakutana na mwani mweusi mwembamba kama majani ya chai uitwao hijiki, uache: Uingereza imekuwa ikiwaonya watu wake wasiule tangu 2004 kwa sababu ya aseniki iliyomo. Pakiti isiyoandika aina ya mwani, mimi siinunui tena hata iwe ya bei ya kutupa.

Mitungi yangu leo ina vibandiko vya karatasi. Kila kimoja kinasema aina, shamba, na mwezi ulipoanikwa. Wifi ananitumia kilo mbili kila baada ya miezi mitatu, na watoto wanapenda juisi ya embe kuliko soda. Safari yangu ya mwisho Njombe nilimpelekea mama nazi na pweza mkavu. Alifungua kapu, akatoa kimoja kimoja mpaka chini, akaniuliza, "Na yale majani?" Nikamwambia, yale ni ya Dar, mama. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kukuna nazi.